Nyanya za kilimo hai: zina afya kuliko za soko la Kilombero?

Mama wa Wawili, Njiro
Salaam, ndugu zangu. Karibu na kwetu kuna duka linalouza nyanya na mboga za kilimo hai (kinachoepuka mbolea na dawa za viwandani) kwa bei inayokaribia mara mbili ya ile ya soko la Kilombero, hapa Arusha. Nimezinunua kwa miezi mitatu kwa ajili ya watoto, lakini baba yao ameniuliza kama kweli zina virutubisho zaidi au ninalipia jina tu, nami nimekosa jibu. Ninachokiogopa hasa ni lile vumbi jeupe la dawa kwenye nyanya za sokoni.

Mtu wa Lishe, Moshi
Mama, hayo ni maswali mawili, na majibu yake hayafanani. Kuhusu virutubisho, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliochambua tafiti nyingi mwaka 2012 hawakuona tofauti ya maana ya vitamini. Wenzao wa Newcastle, Uingereza, waliopitia tafiti 343 mwaka 2014, walikuta mazao ya kilimo hai yana polifenoli (viambata vya mimea vinavyodhaniwa kufaa afya) nyingi zaidi na kadimi (metali yenye sumu) kidogo. Kuhusu mabaki ya viuatilifu, yaani dawa za wadudu na magonjwa ya mimea, hakuna ubishi mkubwa: hao wa Newcastle waliyakuta kwenye mazao ya kawaida mara nne zaidi.

Magonjwa ni habari nyingine. Ufaransa, katika watu wapatao 69,000, waliokula zaidi vyakula vya kilimo hai walipata saratani pungufu kwa takriban asilimia 25 (taarifa ya 2018), ilhali wanawake zaidi ya 600,000 wa Uingereza hawakuonyesha nafuu hiyo kwa saratani zote kwa ujumla. Anayemudu vyakula vya ghali mara nyingi pia havuti sigara na hufanya mazoezi, kwa hiyo kujua kilichomkinga ni kazi ngumu.

Mkulima, Tengeru
Naomba niseme kama mpiga bomba. Vumbi lile mara nyingi ni dawa ya ukungu, inayokaa juu ya ganda. Ukisugua nyanya chini ya maji yanayotiririka, sehemu yake hutoka. Ya kuogopa zaidi ni dawa inayoingia ndani ya mmea, kwa sababu hiyo haioshwi. Kila chupa imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, lakini tangu kantangaze (mdudu anayetoboa majani na nyanya) atuvamie tunapiga mara kwa mara, na bei ikipanda ghafla siku hizo husahaulika. Nami nimewahi kuzisahau, wala sijivunii. Hata hivyo, anayetangulia kuumia ni sisi tunaobeba bomba mgongoni bila barakoa.

Mjukuu wa Kihamba, Marangu
Ndizi za vihambani kwetu, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, hukua kwa samadi ya ng'ombe wa zizini, wala hazina nembo yoyote. (Kahawa iliyo chini ya migomba hiyo hiyo ilipigwa mrututu, ambao ni dawa ya shaba, miaka mingi, na hata kilimo hai huruhusu dawa za shaba kwa masharti.) Mama, uliza dukani kama wana nembo ya Kilimohai, inayofuata kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007. Tena mboga za majani zioshe vizuri hata zikiwa na nembo, kwani samadi isiyoiva huleta bakteria na minyoo.

Mama wa Wawili, Njiro
Asanteni sana. Basi nyanya nitazichukua dukani nikishaiona hiyo nembo, na ndizi na parachichi nitanunua Kilombero, maana tunazimenya. Baba Mkulima, na hoho je?

Mkulima, Tengeru
Hoho nazo tunazipiga sana, mama. Ziweke upande wa nyanya.