Wenyeji wetu wa Ujerumani mnaotupangisha vyumba na kutunyima usajili wa makazi, mmetuchosha

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Malalamiko yangu si juu ya Wajerumani. Ni juu ya watu wetu wenyewe, Waswahili wenzetu waliotangulia huku, ambao wameufanya ugeni wa wenzao kuwa mtaji: wanapangisha vyumba kwa bei ya kuumiza, wanapokea amana taslimu bila risiti, kisha wanamkataza mpangaji wao kusajili makazi katika anwani hiyo. Kwa asiyewahi kuishi huku, hilo la mwisho linaweza kuonekana jambo dogo la makaratasi, kumbe ndilo linalofunga milango mingine yote.

Sheria ya usajili ya Ujerumani inamtaka kila anayehamia katika nyumba ajisajili kwenye ofisi ya mji husika ndani ya wiki mbili, usajili ambao sote tunauita Anmeldung. Huendi mikono mitupu. Unapaswa kupeleka uthibitisho wa aliyekupa makazi, wenye jina lake, anwani ya nyumba, tarehe uliyohamia na majina ya wanaohamia. Fomu yake ni fupi na inapatikana bure katika tovuti za miji. Ukishasajiliwa unapata cheti ambacho ofisi ya wageni itakidai utakapokwenda kuomba kibali cha ukaazi, na ambacho benki nyingi hukitaka kabla ya kukufungulia akaunti. Namba yako ya kodi ya mapato, yenye tarakimu 11, huja kwa posta katika anwani uliyosajili. Mwanafunzi kama mimi, ambaye ili apewe viza amelazimika kuweka euro 11,904 katika akaunti iliyozuiwa, anaruhusiwa kutumia euro 992 kwa mwezi, lakini fedha hizo hazitolewi mkononi, bali huingizwa katika akaunti ya kawaida ya benki. Kwa hiyo mtu anaziona fedha zake kwenye simu na bado anakopa nauli ya treni, kwa kuwa mwenyeji wake amekataa kutia sahihi karatasi moja.

Hayo ndiyo yaliyonikuta Hamburg, mji ambao tangu 2010 ni mji dada wa Dar es Salaam, ingawa udugu huo mimi niliishia kuusoma tu. Chumba nilichopewa na mwenzetu mmoja anayeheshimika sana katika jumuiya kilikuwa na kodi ya euro 620 kwa mwezi, na mlango wake ulikuwa haufunguki wote kwa sababu ya kitanda. Amana ya miezi mitatu niliitoa yote siku ya kwanza. Juu yake nikatozwa ada ya kutafutiwa chumba, ilhali chumba kilikuwa katika nyumba aliyoipanga yeye mwenyewe na humo humo anaishi. Nilipomwomba uthibitisho wa makazi alinijibu kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, hapa ni Ulaya, usiniletee mambo ya serikali nyumbani kwangu." Mambo ya serikali! Mtu aliyesajiliwa kwa jina lake kamili, mwenye bima, akaunti na kibali cha kudumu, anamwambia mgeni ambaye viza yake inahesabu siku kwamba usajili ni usumbufu.

Kisha kuna suala la sanduku la barua, ambalo mtu wa nyumbani anaweza asilielewe upesi. Anwani za Ujerumani kwa kawaida hazina namba ya mlango wa ndani. Kuna jina la mtaa na namba ya jengo, basi. Mpeleka barua anafika kwenye safu ya masanduku pale mlangoni na kusoma majina, na asipoliona lako, barua inarudi ilikotoka. Kadi ya benki huja kwa barua, namba ya siri ya kadi hiyo huja kwa barua nyingine, na kadi ya bima ya afya vivyo hivyo. Niliandika jina langu kwenye kipande cha karatasi, nikakibandika kwa gundi ya utepe chini ya jina lake. Jioni nikakuta kimebanduliwa na alama ya gundi imefutwa vizuri. Barua yangu ya kwanza kutoka kampuni ya bima ilirudishwa, na kampuni ikaniandikia baruapepe kuuliza iwapo kweli ninaishi pale.

Najua kwa nini wanakataa. Mpangaji anayetaka kumpangisha mtu mwingine anahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, na akikamatwa amefanya hivyo kwa siri anaweza kuvunjiwa mkataba. Wengine hulipiwa sehemu ya kodi ya nyumba na serikali, na hesabu ya malipo hayo hutegemea idadi ya wanaoishi ndani, kwa hiyo jina jipya katika daftari la mji ni hatari kwao. Hofu hiyo ni yao. Sheria inampa mpangaji nafasi ya kudai ruhusa ya kupangisha sehemu ya nyumba akiwa na sababu ya msingi, nao hawaiombi kwa sababu hawataki ijulikane wanatoza kiasi gani.

Halafu tuongee kuhusu ada ya utangazaji, yaani ile ya kugharimia redio na televisheni za umma, maana hapa ndipo nilipoacha kabisa kuamini kwamba ni suala la hofu. Ada hiyo ni euro 18.36 kwa mwezi, na hulipwa mara moja kwa nyumba nzima, wawe wanaishi humo watu wawili au saba. Mwenyeji wetu alikuwa anaikusanya yote kutoka kwa kila mmoja wetu, chumba kwa chumba, akisema ndiyo sheria ya nchi. Yaani sheria ya nchi anaijua vizuri pale inapoleta fedha mfukoni mwake. Sheria hiyo hiyo inasema amana isizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za uendeshaji, kwamba mpangaji anaweza kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi, na kwamba itunzwe mbali na mali ya mpangishaji. Inasema pia kwamba mtu hawezi kudai udalali kwa nyumba ambayo yeye mwenyewe ndiye mpangaji wake. Hayo hajawahi kuyataja.

Kila mara suala hili linapoguswa, watajitokeza wa kusema "vumilia, sote tulipitia huko". Mlipitia, sawa. Basi mnajua mgeni anavyolala akiwaza tarehe ya mwisho ya viza, na bado mkampandishia bei. Ninaandika sasa kwa sababu wageni wanazidi kutafuta njia ya kuja, hasa tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira Septemba 2024, yakafuatiwa na habari za nafasi za kazi 250,000 ambazo serikali ya Ujerumani yenyewe ilizikanusha. Katika makundi ya WhatsApp tayari naona matangazo ya "chumba kizuri, hakuna usajili", bila haya, kama mtu anayetangaza nyanya sokoni. Wengine wanauza anwani tu, ujisajili mahali usipoishi. Hilo nalo lina faini inayoweza kufika euro 50,000.

Kwa mliofika karibuni: aliyekupa makazi akikataa kukupa uthibitisho, unatakiwa kuiarifu ofisi ya usajili bila kuchelewa, na anayekataa anaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000. Aliyekupangisha akiwa mpangaji mwenye mkataba, sahihi yake inatosha. Asikudanganye kwamba lazima mwenye jengo asaini. Akaunti ya msingi ya benki ni haki ya kila aliyeko nchini kihalali tangu 2016, hata asiye na makazi ya kudumu, kwa hiyo ukikataliwa ulizia hiyo kwa jina lake, Basiskonto. Vyama vya wapangaji vipo karibu kila mji mkubwa, na ada yao ya mwaka ni ndogo kuliko kodi ya wiki moja ya chumba nilichokisimulia.

Mimi nimehamia bweni la wanafunzi na ofisi ya usajili nimekwisha kuiarifu. Amana yangu bado iko kwake. Ujumbe wangu anausoma na hajibu, ingawa Jumapili alisimama mbele ya watu kuhimiza umoja wa jumuiya. Barua ya madai nimeituma kwa rejesta, yenye tarehe ya mwisho ya kurudisha fedha. Atakayetaka kuniita msaliti katika uzi huu na aniite, ila kwanza aeleze ada ya utangazaji ya nyumba moja ililipwaje na watu wanne, na fedha iliyozidi ilikwenda wapi.