Mama hatoki nje tangu kipindi cha Korona, nimsaidieje?

Mpwani wa Mikindani:
Wakubwa shikamooni. Naomba ushauri, wa kejeli apite tu.

Naishi na mama hapa Mikindani. Kaka yetu mkubwa alifariki Dar mwanzoni mwa 2021, kipindi kile kila tangazo la msiba linasema "changamoto ya upumuaji". Alizikwa hukohuko, ndugu wakatukataza kusafiri. Mama hakumuaga mwanawe.

Mama alikuwa mtu wa watu. Unyago haupiti mtaani bila yeye, na msimu wa korosho lazima aende Tandahimba kwa mdogo wake kuokota. Sasa msibani haendi, harusini haendi. Ndoo ya kunawia bado ipo mlangoni, mjukuu akipiga chafya anafukuzwa uani. Usiku halali, anasema kifua kinabana. Tumepima moyo na presha, hakuna kitu. Shangazi anasema ni jini, na mganga keshataka mbuzi.

Jobless Pro:
Korona iliisha kitambo. Bi mkubwa anadeka.

Kusi la Lindi:
Pole sana dada. Huyo mbuzi mchinjeni kwenye hitma ya kaka yenu, sitanii. Mlimfanyia? Wakati ule watu walizika harakaharaka, tanga halikukaliwa, wafiwa wakabaki na donge. Baba yangu alikaa hivyohivyo mpaka tulipompeleka kaburini kwa mdogo wake. Alilia siku hiyo kama mtoto, kesho yake akaomba chai ya maziwa.

Nesi Mstaafu:
Unayesema anadeka, yasikukute. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mwaka wa kwanza tu wa janga, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Mei 2023 wakatangaza dharura imekwisha, ila mwili wa mfiwa hausikilizi redio.

Binti yangu, kifua kubana na vipimo viko safi, usingizi hakuna, watu anawakwepa: hayo yanatibika. Mpeleke Ligula, hospitali ya rufaa hapo Mtwara, ulizia huduma ya afya ya akili. Ukimtajia hilo jina atadhani anapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, kwa hiyo anza na usingizi, maana ndio anaoulalamikia mwenyewe. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani msimpe. Na ndoo iacheni, mkiiondoa kwa nguvu mtamfungia ndani zaidi. Aje jirani mmoja anayempenda, wakae barazani, basi.

Mpwani wa Mikindani:
Asanteni sana. Hitma tulisoma wenyewe tu ndani, yeye alikuwa amelala chumbani. Ligula nitampeleka wiki hii. Kaburi ndio mtihani: Dar kwa basi ni safari ya kutwa, abiria wamejaa. Atakubali?

Kusi la Lindi:
Sasa hivi hatakubali. Mwite kwanza mdogo wake wa Tandahimba aje akae naye, huyo ndiye atakayemshawishi, sio nyinyi watoto. Siku ya safari mkatieni siti ya dirishani, avae barakoa yake, na kondakta akicheka mwambie akohoe tuone.