Kaufman juu ya Lawler! Kuna watu wasiruhusiwe kugusa jedwali

Mpanga Ratiba: Wakuu, naandika mikono ikinitetemeka. Yule bwana, ambaye nyote mnamjua kwa sababu hakuna mada ya takwimu asiyoivamia na asilimia zake, amechukua matokeo ya mieleka ya kulipwa ya mji wa Memphis, Marekani, niliyoyachapa moja moja kwa miezi 4, akayapanga kwa asilimia ya ushindi, kisha akatangaza mbele ya watu kwamba katika Aprili 1982 Andy Kaufman alikuwa juu ya Jerry Lawler, nyota wa mieleka ya Memphis. Kaufman! Mchekeshaji! Juu ya Lawler!

Mnakumbuka yaliyotokea Aprili 5 ndani ya Mid-South Coliseum, ukumbi wa Memphis. Lawler alimgeuza Kaufman kichwa chini miguu juu, akamkita kichwa ulingoni kwa mbinu iliyopigwa marufuku Memphis, mwamuzi akamwondoa Lawler mchezoni, hivyo ushindi ukaenda kwa Kaufman, na mshindi huyo akatolewa kwa machela. Huyo wa machela ndiye mwenye asilimia 100! Nimelia machozi ya kuufurikisha Mto Mississippi hadi Arkansas.

Katika mieleka hii mshindi hupangwa kabla ya kengele kulia, kwa hiyo ushindi haumwambii mtafiti mengi, ilhali nafasi ya mtu katika ratiba ya usiku huonyesha ni nani promota alimtegemea kuuza tiketi. Usiku wa mapambano 8, wa pambano kuu nampa 1, wa pambano la kwanza nampa 0.125, kisha natafuta wastani wa miezi kadhaa, na hapo kijana anayepandishwa na mkongwe anayeshushwa wote wanaonekana. Nilipomweleza, alinijibu kwamba ninahesabu maigizo. Mimi nahesabu maigizo, na yeye amemweka Kaufman juu ya Lawler!

Kengele ya Jumatatu: Pole sana, mkuu. Mimi alinichukulia pambano moja lililorudiwa Jumatatu Memphis, Jumanne Louisville na Jumatano Evansville, akaliandika kama magomvi matatu tofauti. Sikula siku mbili.

Jicho la Mwamuzi: Mwenye mada, usijitakase. Wewe ulituwekea mwanamieleka wa barakoa kama mtu mmoja, wakati unajua kwamba mvaaji akiondoka, promota humvika mwingine barakoa na jina lile lile. Wastani wako ulikuwa wa watu wawili.

Mpanga Ratiba: Hilo nilisharekebisha, na halimpandishi Kaufman juu ya Lawler.

Mgeni wa Kiel: Kila siku Memphis! Promota Sam Muchnick aliiendesha mieleka ya St. Louis kwa miongo mpaka alipostaafu Januari 1, 1982, na hakuna anayemhesabia. Tena Kiel Auditorium, ukumbi wa St. Louis, haikuwa na mieleka kila wiki kama Memphis, kwa hiyo anayelinganisha wastani wa miezi 3 wa miji hii miwili anatudanganya sote.

Jicho la Mwamuzi: Afadhali hiyo. Nani atanisaidia na idadi ya watazamaji? Promota anatangaza umati unaozidi viti vya ukumbi, na watu wanaunakili hivyo hivyo.

Kengele ya Jumatatu: Achana na umati, tafuta mapato ya mlangoni, hasa pale jimbo lilipoyatoza kodi.

Mgeni wa Kiel: Mapato ya mwaka gani, na bei ya tiketi ya mwaka gani? Mkuu, fungua mada yake, maana hapo nina malalamiko mazito.