Bundi juu ya mabati ya Kadutu: je, mnyama kiongozi wa shamani na mnyama wa ukoo ni kitu kimoja?

BintiKadutu (Bukavu)

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Nina swali ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi wa nane, koko yangu, yaani mama aliyemzaa mama yangu, alipougua sana. Kwa usiku tatu mfululizo bundi alitua juu ya mabati ya nyumba yetu hapa Kadutu. Alikuwa na uso mweupe wa mviringo kama sahani, na sauti yake haikuwa ule mlio mzito tunaouigiza tunapowatisha watoto, bali ukelele mrefu na mkali, kama kitambaa kinachochanwa kwa nguvu. Usiku wa tatu vijana wa jirani walikuja na mawe na manati. Nilitaka kuwaachia, kwa sababu na mimi niliogopa, lakini koko aliniita kutoka kitandani akaniambia: «Usikubali wampige. Hamjui amekuja kwa nani.» Namshukuru Mungu kwamba koko alipona, na sasa anakaa uani kila asubuhi akiota jua.

Wiki chache baadaye binamu yangu anayeishi Ubelgiji alinitumia kwenye simu orodha ya maswali ambayo mtu akimaliza kuyajibu hutajiwa mnyama wake kiongozi. Niliulizwa rangi ninayoipenda, saa ninayolala, na kama napendelea mlima au bahari. Jibu lililotoka lilikuwa bundi. Maelezo yake yalisema kwamba katika mila za mashamani bundi ni hekima na macho yanayoona gizani, na kwamba ninapaswa kumkaribisha.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, inawezekanaje ndege yuleyule awe mjumbe wa kifo katika mtaa wetu na mwalimu wa hekima katika simu yangu? Pili, kwa upande wa mama sisi ni Barega wa Mwenga, na tangu utoto nimejua kwamba wako wanyama tusioruhusiwa kuwagusa ovyo. Je, hao ndio wanaoitwa wanyama viongozi? Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuniambia kwamba mnyama ananiongoza. Nimeambiwa tu nisimguse. Mimi ni mwamini wa kanisa, sitafuti mganga wala dawa. Nataka kuelewa.

MsomajiWaKatuba (Lubumbashi)

Dada, asante kwa kuuliza kwa unyofu. Nimeyasoma mambo haya kwa miaka kadhaa, na ningependa kwanza kukuonyesha mahali ambapo maneno hayo yalitoka, kwa sababu orodha uliyotumiwa imechanganya nchi nyingi katika chungu kimoja.

Neno shamani limetokana na lugha ya Waevenki, wafugaji wa kulungu wa baridi huko Siberia. Kwao, na kwa majirani zao Wasakha na Waburyat, shamani ni mtu ambaye roho yake hutoka mwilini ikasafiri, juu mbinguni au chini kuzimu, ili kumfuata mgonjwa aliyepotelewa na nafsi au kusindikiza marehemu. Safari hiyo haiwezekani bila wanyama. Ngoma yake huhesabiwa kuwa kipando, farasi au kulungu, na joho la shamani wa Kisakha lilishonewa vipande vya chuma vilivyofuliwa kwa umbo la mifupa na manyoya ya ndege, hivi kwamba mtu aliyelivaa alikuwa amevaa mwili wa pili, mwili wenye uwezo wa kuruka. Ndege wa majini wanaozamia walikuwa na heshima ya pekee, kwa maana wanaijua hewa, wanaujua uso wa maji, na wanakijua kilichoko chini yake.

Waburyat wa kando ya ziwa Baikal wanasimulia kwamba miungu ilimtuma tai awalinde watu dhidi ya magonjwa na kifo, lakini watu hawakuielewa lugha ya ndege, wakamshuku. Ndipo tai akampa uwezo wake mwanamke aliyemkuta amelala chini ya mti, na mtoto aliyezaliwa akawa shamani wa kwanza. Nilipousoma usemi wa koko yako, «hamjui amekuja kwa nani», nilikumbuka masimulizi haya mara moja.

Tambua pia kwamba kule hakuna aliyejaza orodha ya maswali. Mtu alishikwa kwanza na ugonjwa mrefu, mara nyingi katika ujana, akaona katika ndoto mwili wake ukikatwa vipande na kuunganishwa upya, na kama angekataa wito angeweza kufa au kupoteza akili. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kisovieti iliwatesa watu hawa na kuwanyang'anya ngoma zao, na wengi waliilipia kazi hiyo kwa maisha yao.

Hayo unayoyaona kwenye simu yalipitia njia nyingine. Mwanaanthropolojia Mmarekani Michael Harner, aliyeishi na Washuar wa Ekuado katika miaka ya 1950, alianza baadaye kuwafundisha watu wa mijini kulala chali, kufumba macho, na kumtafuta mnyama wao kwa kufuata pigo la ngoma la haraka lisilobadilika. Sisemi kwamba alidanganya, maana alifanya utafiti wa kweli. Lakini tangu hapo mnyama aliyekuwa msaidizi wa mtu mmoja mwenye kazi nzito kwa niaba ya kijiji kizima akawa mali ya kila mtu, kisha wengine wakaondoa hata ngoma, yakabaki maswali ya rangi na saa za kulala.

Na bundi wa hekima hatokani na Siberia wala na mashamani. Ni bundi wa Ugiriki ya kale, ndege wa mungu wa kike Athena, aliyechorwa kwenye sarafu za fedha za mji wa Athens. Aliyekuandikia maelezo yale alimtoa hekaluni mwake akamvika joho lisilo lake.

Kuhusu kwetu Katanga, mimi ni Muluba, na nkambo yangu alitufundisha kutochanganya. Kilumbu, yaani mpiga ramli wa Kiluba, hasafiri kwenda kokote. Ni vidye, roho, anayemjia na kumpanda, na ndipo anasoma vitu vidogo vilivyomo katika kibuyu chake, mboko, pamoja na chokaa nyeupe tunayoiita mpemba. Roho ya shamani hutoka, kilumbu huingiwa. Kwa hiyo ukiuliza kama sisi tunao wanyama viongozi, nasita kutumia neno hilo.

MzeeWaMwenga (Bukavu)

Binti yangu, umesema kwamba uliambiwa usiguse tu. Niruhusu nikuambie kwamba katika huko kutogusa kumo fundisho zima, isipokuwa waliokulea hawakupata nafasi ya kulimalizia.

Sisi Barega mnyama wetu mkubwa ni kakakuona. Wazee walisema kwamba ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba. Mtazame vizuri siku utakapopata bahati hiyo: gamba la juu hulalia gamba la chini, na kila gamba hufunika ungio la mawili yaliyo chini yake. Baba yangu alipoezeka kwa majani mapana ya msituni, alianza chini ukingoni akapanda kuelekea kileleni, safu juu ya safu, akinionyesha kwa kidole kwamba jani likipangwa kinyume maji huingia chini yake, lakini likipangwa kama mgongo wa kakakuona mvua ya usiku kucha huteleza na ndani mnabaki wakavu. Huyo ndiye mnyama aliyetuongoza, binti yangu. Hakutuongoza katika ndoto. Alitufundisha kukaa nyumbani.

Kwa sababu hiyo hakuwindwa kama swala. Nikiwa mtoto wa miaka kama kumi, mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa baba. Nakumbuka alivyokuwa mzito, amejikunja kama mpira, na magamba yalivyokwaruzana baba alipomweka chini polepole. Baba hakutoa kisu. Alimfunika majani, akatuma habari kwa wakubwa wa Bwami, chama chetu Barega chenye daraja mbalimbali, na nyumba yetu ilikaa katika wasiwasi mpaka walipofika, wakafanya yaliyopaswa kufanywa, wakagawa kila kiungo kwa anayestahili. Hakuna aliyeonja kabla yao. Wakati huo Bwami ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku na Wabelgiji tangu 1948, lakini watu hawakuacha kuwaheshimu wenye daraja zao, hasa wale wa kindi, daraja la juu kabisa. Katika kofia na vifaa vyao ungeona magamba na kucha za kakakuona, midomo ya hondohondo, manyoya ya mkia wa tembo. Hayakuwa mapambo. Kila kimoja kilikuwa na methali yake, na aliyekivaa alipaswa kuiishi ile methali, la sivyo alijiaibisha mbele ya wote.

Ndiyo maana nahuzunika sana ninapoona magamba yakisafirishwa kwa magunia kuelekea nchi za mbali kuwa dawa. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya aina zote nane za kakakuona imekatazwa, lakini katazo la karatasi halina nguvu ya ule wasiwasi niliouona usoni mwa baba yangu.

Kuhusu bundi, sitakudanganya. Wazee wetu walimwogopa, na mimi pia hunisisimka mwili nikimsikia. Lakini kumwogopa na kumpiga mawe ni mambo mawili.

JiraniWaVolkano (Goma)

Shikamoo Mzee, nimejifunza mengi. Ndugu wa Katuba, nakuheshimu, ila mstari wako kati ya roho inayotoka na roho inayoingia umenyooka kupita kiasi. Hapa Himbi, asubuhi ya kiangazi ukungu ukiondoka, naona volkano ya Nyiragongo na, upande wake wa mashariki, mlima Karisimbi, wenye urefu wa mita 4,507. Katika ibada ya Lyangombe, shujaa wa kale anayeheshimiwa kama roho mkuu, ibada inayojulikana Rwanda, Bushi (nchi ya Washi, upande wa Bukavu) na huku kwetu, waliopokelewa katika ibada huja kupandwa na roho, lakini pia wakifa huenda kuishi Karisimbi pamoja na Lyangombe, na wasiopokelewa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Kuna kuingiwa, na kuna safari vilevile.

Jambo ambalo sijaliona likisemwa hapa ni hili: Lyangombe aliuawa na mnyama. Alikwenda kuwinda ingawa mama yake alimsihi asiende, na nyati akamchoma kwa pembe chini ya mti wa umuko. Maua mekundu ya mti huo yanakumbusha damu yake, na ibada zilifanyika chini yake. Nyati hakuwa rafiki wala mshauri, lakini bila nyati yule kusingekuwa na ibada. Orodha ile ya kwenye simu, dada, humpa kila mtu mnyama anayempenda. Mababu zetu walijua kwamba mnyama anayebadilisha maisha ya watu anaweza kuja akiwa ameinamisha pembe.

MrinaAsali (Lubumbashi)

Mimi si msomi, narina na kununua asali katika misitu ya miombo upande wa Kasenga. Mnazungumza juu ya ndege viongozi, nami namfahamu mmoja ambaye ni kiongozi kwelikweli, naye ni mlembe. Ni mdogo, wa rangi ya udongo, huwezi kumsifu kwa uzuri. Hukujia mwenyewe, akipiga kelele za haraka kama mtu anayetikisa kiberiti, huruka hadi mti wa mbele, hufungua mkia ili uone weupe wa pembeni, hungoja, na ukichelewa hurudi kukuita. Anakupeleka kwenye mzinga wa nyuki mwitu, kwa sababu yeye anataka nta na hawezi kupasua mti. Watafiti waliofanya kazi na warina asali wa Kiyao huko Niassa, Msumbiji, walionyesha mwaka 2016 kwamba mrinaji akitoa mlio maalumu aliourithi kwa baba yake, uwezekano wa kuongozwa na ndege huyo hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66.

Aliyenifundisha kazi hii alinikataza kuondoka bila kuweka kipande cha sega juu ya jani. Ukimnyima, alisema, safari nyingine atakupeleka kwa chui. Sijawahi kumnyima.

BintiKadutu (Bukavu)

Nimemsomea koko majibu yenu yote jana jioni, polepole, nikimtafsiria palipokuwa pagumu. Pale kwenye kakakuona katika mtego alinisimamisha, akaomba nirudie sehemu ya magamba yanayokwaruzana, kisha akakaa kimya muda mrefu.

Nilimuuliza bundi alikuwa amekuja kwa nani. Alisema hajui. Alisema tu kwamba baba yake, aliyekuwa mtu wa Bwami, hakuruhusu ndege yeyote kupigwa katika boma ambamo mtu amelala mgonjwa, na yeye mwenyewe hakuthubutu kumuuliza sababu.

Ndugu wa Katuba, nimefuta ile orodha kwenye simu, na nimemweleza binamu habari za Athena. Bundi nimemwona tena. Anakaa ndani ya dari ya ghala bovu nyuma ya nyumba yetu, na chini ya tundu lake nimeokota vidonge vya kijivu vilivyojaa nywele na mifupa myembamba ya panya. Ana makinda, nawasikia wakipuliza kama nyoka jua linapotua. Nimezungumza na mama wa wale vijana, naye amekubali kuwaambia waache manati mpaka makinda waruke.

Mzee wa Mwenga, koko anauliza wewe ni wa kijiji gani. Anasema alimjua mtu aliyeezeka namna hiyo, akianza ukingoni huku akimwonyesha mwanawe kwa kidole, na ameniomba nikuandikie jina la baba yake kwa faragha, uone kama walifahamiana.