Ukuta wa kizazi kuwa mwembamba ukiwa kwenye matibabu ya uzazi: tuliopitia tupeane uzoefu

Mleta mada
Wapendwa, habari zenu. Siku zote nasoma kimya kimya, leo nimeamua kufungua uzi maana hili jambo ukilibeba peke yako linakumaliza.

Niko kwenye safari ya IVF, ile ya mayai kurutubishwa maabara. Mayai yalitolewa vizuri, nina viinitete vinne vimegandishwa vinanisubiri. Kinachogoma ni ukuta wa kizazi, ule utando wa ndani ambako mimba hujishikiza. Siku ya 12 ya kumeza estradioli (vidonge vya homoni ya estrojeni), miligramu 6 kwa siku, nimelala pale na kile kifaa cha ultrasound cha kupitia ukeni, daktari anaweka alama ndogo ya msalaba juu ya ukuta, nyingine chini, anafuta, anaweka tena. Milimita 5.8. Akapima mara ya tatu, nadhani kwa kunionea huruma: 6.1. Wao wanataka angalau 7. Nikaongezewa dozi na wiki nzima, nikarudi: 6.2. Mzunguko ukafutwa. Hii ni mara ya pili.

Mtaniwia radhi, "usijali Mungu yupo" leo sitaki, najua yupo. Nataka mniambie wa kwenu ulikuwa mwembamba kwa sababu gani, mlifanyiwa nini, na ikawaje. Hata kama mwisho haukuwa mzuri, andika tu.

Mwanasubira
Pole mwaya. Mimi mchawi wangu alikuwa Clomid, dawa ya kupevusha mayai. Mizunguko mitano mfululizo, yai linapevuka vizuri, kila mtu anafurahi, mimba hakuna. Kumbe wote walikuwa wanaangalia mayai tu. Mzunguko wa tano akanipima mtu mwingine, akauliza, "Dada, leo ni siku ya ngapi?" Nikamwambia ya 13. Akanyamaza. Ukuta ulikuwa milimita 5.

Daktari niliyehamia ndiye aliyenielewesha. Klomifeni, yaani hiyo Clomid yenyewe, inauzuia ubongo usiione estrojeni, basi ubongo unadhani imepungua na unazidi kusukuma mayai yakue. Sasa ukuta wa kizazi nao unazuiwa vilevile, na estrojeni ndiyo mbolea yake. Halafu dawa yenyewe inakawia kutoka mwilini. Nikapumzishwa, nikabadilishiwa letrozoli, ambayo haikai sana. Mzunguko wa kwanza tu ukuta ukafika 8.4. Mimba ilishika mzunguko wa tatu, na mwenyewe yuko hapa ananivuta sketi nikiandika.

Nisieleweke vibaya, dada yangu alizaa kwa Clomid hiyohiyo na ukuta wake haukupungua hata kidogo. Ila usikubali kupimwa mayai peke yake.

Mama wa Mmoja
Nimesoma nikakumbuka mbali. Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki 11, nikasafishwa kizazi. Baada ya hapo hedhi ikawa ya siku mbili, tena matone. Nikafurahi! Nikaona nimepumzika na usumbufu wa pedi. Mjinga mimi.

Miaka miwili baadaye natafuta mtoto, nikapewa estrojeni mizunguko mitatu: 4.3, 4.5, 4.4. Wakawa wanapandisha dozi tu. Nilipopelekwa kwenye kamera ya kuingia kizazini ndipo ukweli ukajulikana. Nilikuwa macho, naiona skrini: nyuzi nyeupe zimetoka ukuta wa mbele zikashika wa nyuma, kama utando wa buibui kwenye kona ya dari. Makovu. Unaitwa ugonjwa wa Asherman, kwa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1948. Wakayakata na mkasi mdogo kuliko ukucha, wakaacha kipira ndani siku kadhaa ili kuta zisigusane, na estrojeni juu yake. Kamera ya pili ikakuta machache yamerudi, yakakatwa tena.

Ukuta wangu haukufika 7 ng'o. 6.5 ndio mwisho wake. Tukapandikiza hivyohivyo. Cha kwanza hakikushika, cha pili kikashika. Na siwafichi: siku ya kujifungua kondo la nyuma liligoma kutoka, nikaongezewa damu. Mwenye historia ya makovu amwambie mapema anayemzalisha, maana hilo linajulikana kutokea kwa watu kama sisi.

Mleta mada
Subiri kwanza. Mimi nilisafishwa miaka minne iliyopita. Hedhi yangu siku mbili. HAKUNA aliyewahi kuniuliza.

Mama wa Mmoja
Waambie, mdogo wangu. Estrojeni inakuza ukuta, haikuzi kovu.

Nafuatilia Uzi
Mimi kwangu halikuwa kovu. Walikata kinyama kidogo cha ukuta wakapima, wakakuta maambukizi ya muda mrefu ya ndani ya kizazi, yasiyouma wala kutoa uchafu. Doksisaiklini asubuhi na jioni kwa siku 14, kipimo kikarudiwa, safi. Ukuta ulipanda kutoka 6 hadi 7.3, si ajabu kubwa ila ulitosha. Rafiki yangu yeye walikuta kifua kikuu cha kizazi, na hajawahi kukohoa maishani. Hiyo inaweza kuharibu ukuta moja kwa moja, kwa hiyo nayo muiulizie.

Nimechoka Kidogo
Uliomba hata za mwisho mbaya, basi pokea ya kwangu. Kamera safi, vipimo safi, sababu haijulikani. Nimepitia aspirini ndogo. Pentoksifilini na vitamini E miezi sita. Sildenafili, ndiyo, ileile ya wanaume, ila ya kuweka ukeni mara nne kwa siku ili damu ifike zaidi kizazini. Mimi iliniletea kichwa kuuma tu. Mwisho PRP: nilitolewa damu mkononi, ikazungushwa kwenye mashine, yale maji ya manjano yenye chembe sahani wakayaingiza kizazini kwa mrija, chini ya mililita moja, wakarudia baada ya siku mbili. Nikatoka 5.5 hadi 6.6. Nikalia kwa furaha. Tukapandikiza. Haikushika.

Daktari wangu alikuwa mkweli tangu mwanzo kwamba vingi kati ya hivyo ushahidi wake bado dhaifu, na namheshimu kwa hilo. Kilichonitesa ni wale wanaokuuzia kama dawa ya uhakika. Sasa tumepumzika, mimi na mume wangu. Tunazungumzia kubebewa mimba, tunazungumzia pia kuacha. Bado hatujaamua.

Mleta mada
Asante kwa kufunguka, dada. Nimesoma mara mbili.

Niko Chumba cha Ultrasound
Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, niongeze mawili matatu. Watu wawili wakipima ukuta uleule wanaweza kupishana hadi milimita nzima, kwa hiyo 6.8 ya jana na 7.1 ya leo zisiwape raha wala presha. Omba upimwe na mtu yuleyule, mashine ileile. Pili, unene si kila kitu. Tunatafuta pia mistari mitatu, ule mwonekano wa ukuta uliokomaa kabla ya projesteroni, homoni inayouandaa kupokea kiinitete. Zimeripotiwa mimba hadi kwenye milimita 4, japo nafasi inapungua kadiri unavyokuwa mwembamba. Kuna ambao estrojeni ya vidonge inawagomea, wakiachwa kwenye mzunguko wao wa asili ukuta unapanda wenyewe. Ulizia.

Na nyie mnaojiongezea dozi kimyakimya, tunawajua! Estrojeni nyingi inaweza kugandisha damu. Ndama ikivimba na kuuma upande mmoja, au pumzi ikabana ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo. Sildenafili nayo haichanganywi na dawa za moyo za jamii ya naitreti.

Mleta mada
MREJESHO. Nimefanyiwa kamera wiki iliyopita. Makovu yapo, upande wa kushoto, karibu theluthi ya kizazi. Yamekatwa. Nilimuuliza daktari kwa nini hatukuanza na hii, akasema ultrasound haikuonyesha kitu. Sikubishana naye, nilikuwa bado nina usingizi wa dawa.

Mama wa Mmoja, hedhi ya kwanza baada ya hapo imekuja jana. Siku ya pili leo na bado inatoka, sijawahi kufurahia pedi namna hii. Nimeanza tena estradioli. Kipimo ni Jumanne ya wiki ijayo, na nimeomba yuleyule aliyenipima 6.2.