Mwalimu wa ushauri nasaha: anasaidia watoto kupata kazi, au ni porojo?

Mwana_Uyole: Wakuu, dogo wetu kapata ziro form four. Miaka minne shuleni, mwalimu wa ushauri nasaha alikaa naye mara moja tu, siku ya kujaza Selform, ile fomu ya kuchagua masomo na vyuo vya baadaye. Sasa anapiga debe Kabwe, hapa Mbeya. Kwa nini kila shule isipewe mtu wa kazi hiyo tu, asiye na kipindi hata kimoja?

Fundi Grili: Porojo. Mimi la saba, kuchomelea nimejifunzia Mwanjelwa kwa kushikia watu vyuma na kufagia chenga. Leo nina mashine mbili na vijana watatu. Nani alinishauri? Njaa. Hawa wa ziro wanataka kubembelezwa.

Mama Mafinga: Hao watatu wana cheti?

Mzee wa Soweto: Mteja wa geti anauliza cheti?

Mama Mafinga: Mteja haulizi, mkandarasi anauliza. VETA, wale wa vyuo vya ufundi vya serikali, wanarasimisha ujuzi wa mtaani: unapimwa unachokijua, unapewa cheti. Vijana wako wameambiwa na nani? Na ada ya vyuo vyao si milioni kama mnavyotishana, ni elfu 60.

Mzee wa Soweto: 60 ya kutwa. Bweni 120.

Fundi Grili: Yaani Iringa ndio mtufundishe ajira? Ushauri wenu unajulikana: binti apande basi, akaoshe vyombo Dar.

Mama Mafinga: Kamwene, baba. Binti huyo nilikuwa mimi. Nina umri wa miaka kumi na tano, mwaka mzima nadeki nyumba ya watu, mshahara anapokea shangazi. Narudi, wenzangu wako form three. Cheka sasa.

Kinyozi Mdogo: Kwani mabinti wa Rungwe hawaendi? Au wao wanapanda ndege?

Mzee wa Soweto: Rungwe usiiguse! Kwetu binti analima viazi vyake.

Kinyozi Mdogo: Viazi vya nani? Shamba la baba, hela ya baba.

Mzee wa Soweto: Wewe umeoa?

Mwana_Uyole: Jamani, mada...

Kinyozi Mdogo: Ajibu la viazi kwanza.

Fundi Grili: Mama, la basi nalifuta, sikujua. La kubembelezwa silifuti.

Mwana_Uyole: Fundi, basi nimlete dogo Jumatatu?

Fundi Grili: Mlete saa moja. Ovaroli ajinunulie.

Mama Mafinga: Na miwani ya kuchomelea umpe wewe. Nyie hamnaga.