Uyoga wa kichuguu unaoteshwa nyumbani?

BintiMufindi
Habari zenu wakuu. Nimekulia Mafinga. Mvua za Desemba zikishika, bibi alituamsha alfajiri twende kichuguuni. Hakuung'oa uyoga, aliuchokonoa kwa kijiti mpaka mzizi wake mrefu utoke mzima. Usipozama kwenye kichuguu, alisema, huo si wetu. Bibi ametangulia, mimi niko Kibaha na wanangu. Juzi baada ya mvua uliota uyoga mweupe uani, mdogo akauchuma akaniletea kwa furaha. Ulifanana mno na wa bibi. Niliutupa huku mikono inatetemeka. Je, ule wa kichuguu naweza kuuotesha mwenyewe?

MkulimaMamama
Pole dada, ulifanya vema. Wa kichuguu hauoteshwi. Mchwa ndio wakulima wake: wanaulisha majani waliyotafuna, nao wanaula. Anza na mamama, ule uyoga wa kufugwa unaoitwa pia oyster. Majani ya mpunga makavu, katakata urefu wa kidole, loweka usiku kucha, chemsha kwenye pipa kwa muda wa saa 2. Yaache yapoe kabisa! Mimi niliharibu mifuko 10 ya kwanza kwa haraka, nilitia mbegu ya uyoga majani yakiwa vuguvugu, ikaota ukungu wa kijani. Kamua konzi moja: tone moja au mawili ni sawa, yakichuruzika bado. Kisha panga kwenye mfuko tabaka la majani, tabaka la mbegu. Weka gizani kama wiki 3, mfuko ukishakuwa mweupe wote utoboe, uupe hewa na mwanga kidogo, na unyunyizie maji.

KakaNjombe
Kwetu tunapika na kitunguu. Kikiwa cheusi, tunamwaga.

MkulimaMamama
Kaka, nakuomba uache kukitegemea. Sumu inayoua ini haibadilishi kitunguu rangi, wala haiondoki kwa kuchemshwa. Hata ukiona konokono kautafuna, si dalili ya usalama. Tena huchelewa: baada ya saa 6 hadi 12 tangu kula, au zaidi, ndipo mtu anaanza kutapika na kuharisha. Baadaye anapata nafuu, mnashukuru, kumbe ini linakwisha. Mkimbizeni hospitali mapema, na mabaki ya uyoga mchukue.

BintiMufindi
Asante sana mkuu, mbegu naanza kutafuta kesho. Na ladha je?

MkulimaMamama
Mamama ni mtamu kwa karanga, ila ladha ya kichuguu hutaipata humo.

BintiMufindi
Basi Desemba nawapeleka watoto kwa shangazi. Bado anachuma kwenye kichuguu kilekile.